Boti za kwenda mbali: skrini au spana?

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeanza kuulizana kwenye WhatsApp kama blogu hii imekufa. Haijafa jamani. Kiangazi huku Anacortes ndio msimu wa kazi. Boti zote zinataka kutengenezwa kwa wakati mmoja, unatoka yadi saa tatu za usiku na jua ndio kwanza linazama, unakula, unalala. Sasa mvua zimeanza, kazi imepoa, na nina deni la kuwajibu.

Deni lenyewe ni hili. Dada amenipigia simu akaniambia Mama hapati usingizi tangu asikie kwamba kiangazi kijacho nitavuka Pasifiki hadi Hawaii kwa boti ya futi 42 iliyotengenezwa miaka ya themanini. Shemeji naye akaniandikia bila huruma: "Mwaka jana baada ya ile safari ya Kanada ulipewa nafasi ya kwenda Hawaii na boti mpya ya mamilioni, ukaikataa. Leo unakwenda na mkweche. Umerogwa?" :-)

Sijarogwa. Kaeni kitako niwaeleze, maana swali la shemeji ndilo swali ambalo watu wa huku wanagombana nalo kila siku gatini: boti ya kwenda mbali ifungwe vyombo vyote vya kisasa, au iwe sahili kama ya zamani? Mimi nina maoni yangu, na leo nayasema waziwazi.

Boti zenyewe ni zipi

Mkisikia boti ya injini ya mtu binafsi, najua mnafikiria zile za mbio, pua juu, povu nyuma. Hizi sizo. Huku wanaziita trola, kwa sababu umbo lake lilitokana na boti za wavuvi. Zina tumbo pana na mkuku mrefu, na haziparai juu ya maji, zinayasukuma. Hazina tanga, au zikiwa nalo ni dogo la kusaidia tu. Ndani kuna vitanda, jiko na choo. Wengi wanaozinunua ni wastaafu, mume na mke, wanaotaka kwenda Alaska, Mexico, na wachache kuvuka bahari kuu.

Siri ya boti hizi ni kwenda polepole. Chombo cha aina hii kina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake majini. Chukua futi za sehemu inayogusa maji, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa 1.34. Chombo chenye futi 36 majini, kipeo chake ni 6, kwa hiyo kikomo ni kama maili 8 za baharini kwa saa. Ukikaribia hapo unachoma mafuta kama kichaa bila kupata kitu.

Sasa tazameni hesabu ya hiyo boti ambayo Mama inamnyima usingizi. Inabeba lita 3,400 za dizeli. Ikienda maili 6 kwa saa (kama kilomita 11, baiskeli inakupita!) inakunywa lita 8 kwa saa. Hiyo ni saa 425, yaani maili 2,550. Kutoka San Francisco hadi Hawaii ni maili za baharini kama 2,100. Tunafika kwa siku 15 hivi na tunabakiwa na lita 600. Lakini tukiwa na haraka tukapandisha hadi maili 7 na nusu, mafuta hayaongezeki kwa robo kama mwendo ulivyoongezeka. Yanakaribia kuwa mara mbili kwa saa, kwa sababu nguvu inayotakiwa hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Tangi lilelile linatupeleka maili 1,600 na ushei tu, halafu tunabaki katikati ya bahari tukitazamana.

Kwa hiyo teknolojia ya kwanza ya kuvuka bahari ni subira, na haiuzwi dukani.

Watu wa kwanza hawakuwa wajinga

Kuna wazee hapa gatini wanaosema zamani ndio kulikuwa na mabaharia, sasa hivi kuna watazama skrini. Nawaheshimu, lakini historia haiwaungi mkono sana.

Mwaka 1902 boti ya futi 38 iitwayo Abiel Abbot Low ilitoka New York hadi Falmouth, Uingereza, kwa siku 36, ikiwa na nahodha William Newman na mwanawe wa miaka 16. Injini yake ilikuwa ya mafuta ya taa. Matangi yalivuja njiani, baba na mwana wakaishi na mafuta hayo chini ya miguu yao. Lakini injini ya mafuta ya taa wakati huo ndiyo ilikuwa kitu kipya, na safari yenyewe ilifanywa ili kuitangaza.

Mwaka 1936 mchoraji wa Kifaransa aitwaye Marin-Marie alivuka peke yake kutoka New York hadi Le Havre kwa boti ya injini, Arielle, yenye urefu wa mita 13 hivi. Alitumia dizeli na alifunga kifaa cha kushika usukani kwa nguvu ya upepo, kitu ambacho wenzake walikuwa hawajakiona. Mtu mmoja hawezi kushika usukani mchana na usiku kwa wiki mbili na zaidi.

Kisha akaja Kapteni Robert Beebe wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mwaka 1963 boti yake ya futi 50, Passagemaker, iliteremshwa majini Singapore, akaileta hadi Ugiriki kwa kupita Bahari yetu ya Hindi na Bahari ya Shamu. Kitabu chake cha mwaka 1975, Voyaging Under Power, bado watu wanakisoma hapa yadi. Boti ilikuwa na injini moja ya dizeli, mwendo wa pole, na vyuma viwili vya kuzuia mrama, nitavieleza hapo chini. Na mwaka 2001 hadi 2002 kampuni ya Nordhavn ikapeleka boti ya futi 40 kuizunguka dunia nzima kwa injini.

Watu wote hawa walichukua kilichokuwa kipya wakati wao, ila walichagua. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Saa saba kwa mwendo wa miguu

Shemeji, umeuliza kwa nini nilikataa ile boti mpya. Sikuwasimulia mwaka jana kwa sababu ya Mama, lakini yamepita, sasa nasema.

Mwezi wa sita mwaka jana nilikwenda nayo kaskazini kama fundi, njia ya kuelekea Alaska. Boti nzuri jamani, futi 50 na kitu. Chumba cha nahodha kina skrini tano. Taa, pampu, nanga, hata pazia, vyote unavigusa kwenye kioo. Injini ni ya kisasa, ile ambayo kompyuta inapima mafuta na kuyarusha kwenye silinda kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,600. Tairi la gari lina bar mbili na ushei, pimeni wenyewe. Faida yake ni ya kweli. Haitoi moshi, haina kelele, na inabana mafuta.

Tulipotoka nje ya kisiwa cha Vancouver, mahali ambapo bahari ya Pasifiki inaingia moja kwa moja bila kizuizi, kioo kikawaka rangi nyekundu. Injini ikashuka yenyewe, ikabaki na nguvu ya kutembea tu. Kompyuta iliamua kwamba injini ina hatari, kwa hiyo ikaipunguza nguvu ili isiharibike. Nikashuka chini. Nikagusa, nikasikiliza, nikanusa. Joto sawa, mafuta masafi, maji yanapita, lami hakuna. Injini nzima! Nikamwambia mwenye boti, injini haina kitu. Akaniambia, mbona haiendi?

Spana zote ninazo. Miaka 19 ya ufundi ninayo. Lakini kompyuta yenye programu ya kuuliza injini ile ina nini sina, na kisheria mimi si wakala. Tukageuza kurudi Port Hardy kwa maili nne kwa saa, mawimbi ya ubavuni, mke wa mwenye boti amelala sakafuni anatapika kwenye ndoo. Saa saba. Akaja fundi kwa ndege kutoka Vancouver siku ya tatu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kiungio kimoja cha waya, kidogo kama punje ya hindi, kilichoingia chumvi. Alikisafisha, injini ikanguruma kama simba.

Tulikuwa maili 28 kutoka bandarini. Je, tungekuwa maili 1,000? Mwenye boti aliponialika niende naye Hawaii, nilimshukuru, nikamwambia samahani.

Lakini usahili nao una uongo wake

Sasa wale wa upande wa pili msishangilie. Baba Mdogo, najua utasoma hapa, na naomba ruhusa yako nilisimulie lile la Pemba, maana ndilo linalonizuia kuwa mfuasi wa mambo ya kale.

Wengine mlikuwa wadogo. Boti ya Baba Mdogo ilikuwa sahili kuliko zote Deep Sea pale Tanga. Dizeli ya silinda moja ya kupiga hendeli, usukani wa mti, dira, basi. Hakuna redio, hakuna GPS. Watu walisema injini ile haifi, na kweli haikufa. Kilichokufa ni bomba dogo la mafuta la shaba lililopasuka kwa kutikisika, usiku, kati ya Tanga na Pemba. Injini ilikuwa rahisi kutengeneza, ila bomba la akiba hawakuwa nalo. Mkondo ukawachukua kaskazini usiku kucha, mchana, na usiku mwingine. Nyumbani tulikuwa tumeshaanza kulia. Jahazi likawaona upande wa Kenya, likawakokota. Baba Mdogo aliporudi midomo imepasuka kwa kiu, mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nadhani ufundi wangu ulianzia siku ile.

Kwa hiyo mtu akiniambia gatini "mimi sina rada wala chochote, mimi ni baharia wa kweli," namtazama tu. Huku mwezi wa nane ukungu unashuka huoni pua ya boti yako, na mlango huohuo unapitisha feri na meli za makontena. Kukataa chombo kitakachokuonyesha meli ndani ya ukungu ni kiburi, hata ukikiita usahili. Na kuwa na injini rahisi bila vipuri wala ujuzi ni umaskini tu, tunaujua vizuri sisi.

Nauliza maswali mawili

Basi mimi msimamo wangu ni huu. Sijali kitu kina umri gani. Kwa kila kitu kinachofungwa kwenye boti ya kwenda mbali nauliza maswali mawili.

La kwanza: hiki kikifa saa nane za usiku, siku saba kutoka bandari yoyote, safari inaendelea? Kama inaendelea, karibu, kifungwe, hata kiwe kimetoka kiwandani jana. Kama haiendelei, basi lazima waliomo ndani waweze kukitengeneza kwa vilivyomo ndani. Hakuna njia ya tatu.

La pili: ili hiki kiishi, ni vitu vingapi vingine lazima viwe hai? Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Chukueni mrama. (Ndugu wa bara mnaosema mambo yamekwenda mrama, mrama wenyewe ndio huu: chombo kinalala ubavu huu, kinainuka, kinalala ubavu ule, siku kumi na tano mfululizo.) Boti mpya nyingi zinazuia mrama kwa gurudumu zito linalozunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika ndani ya chombo kisicho na hewa. Linafanya kazi vizuri ajabu, nimelala usingizi kwenye boti yenye nalo. Lakini linataka umeme mwingi, kwa hiyo linataka jenereta saa zote. Jenereta inataka mafuta yake, pampu yake ya maji ya bahari, mkanda wake. Gurudumu lenyewe linataka maji ya kulipooza. Jani moja la mwani likiziba tundu la maji, mlolongo wote unakwisha.

Njia ya Kapteni Beebe, ambayo wavuvi wa huku wanaitumia hadi leo, ni mikono miwili ya chuma inayofunguka ubavuni, kila mmoja umening'iniza "samaki" wa chuma anayeogelea chini ya maji. Chombo kikitaka kulala, samaki anakataa. Inakupunguzia mwendo kidogo, na kuwatoa na kuwaingiza ni kazi ya kuumiza kidole usipoangalia. Lakini inategemea kamba, mnyororo na pingu. Kikikatika unakiona kwa macho.

Na kwa maswali haya haya, vitu vya kisasa kabisa vinafaulu. Taa za LED zimepunguza umeme wa boti kiasi kwamba sola mbili tatu juu ya paa zinatosha taa, redio na friji ndogo. Sola haina hata kitu kimoja kinachozunguka! Boti ya mwaka 1985 ilihitaji jenereta kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mpya imekuwa sahili kuliko ya zamani. Kifaa cha kutuma ishara ya hatari kwa setilaiti, mfumo wake uliokoa watu wa kwanza mwaka 1982, unavuta kipini na dunia inajua ulipo. Angekuwa nacho Baba Mdogo, asingekunywa maji ya bahari.

GPS nayo nataka, tena mbili. Ila mwezi Mei 2025 meli kubwa ya makontena, MSC Antonia, ilipanda mwamba karibu na Jeddah, na wachambuzi wa mambo ya meli wakaihusisha na kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS. Chuo cha wanamaji cha Marekani chenyewe, kilichokuwa kimeacha kufundisha kusoma nyota miaka ya tisini, kilirudisha somo hilo mwaka 2015. Wenye setilaiti zao wanafundisha vijana kutazama nyota. Sisi tuna sababu gani ya kutupa dira?

Mzee na bibi yake

Sasa hii boti ninayokwenda nayo ni ya mzee mmoja na mkewe, walimu wastaafu. Injini yake ni Ford Lehman ya silinda sita. Asili yake ni injini ya Ford ya Uingereza, ndugu wa zile za malori na matrekta, ikabadilishwa kwa kazi ya baharini. Ina pampu ya mafuta ya gia na nozeli za kawaida. Ikishawaka haihitaji umeme hata kidogo. Ukikata nyaya zote inaendelea kunguruma mpaka mafuta yaishe.

Mwezi wa tatu mzee alikuja yadi na karatasi ya bei. Alikuwa ameshawishiwa aitoe injini hiyo, aweke mpya ya kompyuta, na nyaya zote za taa na pampu zibadilishwe ziongozwe na skrini. Bei sitaitaja, Mama atasema nyumba tatu zimezama. Bosi wangu alikuwa anatabasamu, maana kazi hiyo ingetulisha miezi minne. Mzee akanigeukia, akauliza: "Ingekuwa yako, ungefanyaje?"

Wapendwa, kuna maswali mtu anaulizwa na riziki yake imesimama nyuma yake inamsikiliza. Nikamwambia ukweli. Kama anataka kuzunguka visiwa vya hapa, ambako fundi yuko umbali wa saa moja, injini mpya ni nzuri na majirani watamshukuru kwa kutovuta moshi. Kama anataka Hawaii, aifungue hii ya zamani, tuibadilishe viungo vilivyochoka, na pesa iliyobaki anunue vitu vinavyopita maswali yangu mawili. Bosi hakusema neno. Wiki mbili hakunisalimia vizuri, na zile kazi za ziada za Jumamosi nilizokuwa nawatumieni pesa zake zikapewa mtu mwingine. Ndio maana mwezi wa nne na wa tano nilipunguza kutuma. Sasa mmejua, na samahani.

Tuliyofanya ni haya. Injini imefunguliwa na kufungwa upya. Mafuta yanatoka matangi makubwa yanapita chujio mbili zinazobadilishana, moja ikiziba unageuza mpini bila kuzima, kisha yanaingia tangi dogo la juu linaloshuka kwenye injini kwa uzito wake wenyewe. Vipuri vya akiba ni nozeli sita, pampu za maji mbili, mikanda, mipira, na bomba za mafuta za kila urefu (hizo ni kwa ajili yako Baba Mdogo). Kuna mkono wa chuma wa kushika usukani endapo haidroliki itavuja. Mashine mbili za kushika usukani zenyewe, mpya kabisa. Rada mpya. Kifaa cha AIS kinachotangaza jina na mahali petu kwa meli. Sola. Intaneti ya setilaiti kwa ajili ya hali ya hewa na, ndiyo Mama, kwa ajili ya kukupigia. Ramani za karatasi tumezichapisha, kwani idara ya serikali ya huku ilimaliza ramani zake za karatasi za kawaida mwanzoni mwa 2025, sasa unachapisha mwenyewe. Na mke wa mzee anajua kupima jua kwa sekstanti kuliko sisi wote.

Usahili huu una gharama yake, sitaki kuwaficha. Ile pampu ya mafuta ina oili yake ndogo ya peke yake, na sisi mafundi tunaibadilisha kila saa 50. Kwa safari ya saa 350 hiyo ni mara saba, na kila mara tutazima injini katikati ya bahari, chombo kinalala mrama, mimi niko chini na kopo la oili moto. Kelele itakuwepo. Harufu ya dizeli itakuwepo. Kila saa moja mtu lazima ashuke kutazama na kugusa. Boti ya skrini ingetuambia yenyewe. Anayetaka usahili ajue kwamba kazi ambayo kompyuta ingeifanya haijatoweka, ataifanya yeye.

Ila mimi kazi hiyo naitaka, kwa sababu injini unayoigusa kila saa unaijua. Siku ikibadilisha sauti unasikia kabla haijawaka taa yoyote. Yule mwenye boti ya skrini alikuwa na miaka miwili nayo, hakuwahi kuweka mkono wake juu ya injini. Kwa kweli hilo ndilo lililonitia hofu kuliko ule waya. Mashine zile hazina ubaya. Ubaya ni kwamba zinamruhusu mtu aondoke bandarini bila kujua kitu, na hakuna kinachomkumbusha mpaka kioo kiwe chekundu.

Kwa hiyo Mama, boti ya mwanao si mkweche. Ni nzee kidogo, kama wewe ulivyosema juu ya ile cherehani yako ya miguu uliyokataa kuibadilisha kwa ya umeme. Ulituambia umeme ukikatika sikukuu imekaribia, nani atashona nguo za watu? Tulicheka wakati ule. Leo nakupigia saluti.

Tunaondoka hapa mwisho wa mwezi wa tano, tunashuka pwani hadi San Francisco, tunangoja hali ya hewa, kisha tunatoka mwezi wa sita. Kila jioni nitatuma mahali tulipo kwa dada. Intaneti ikikatika siku mbili au tatu msianze kulia. Hicho ni kitu kimoja cha vile ambavyo vikifa safari inaendelea. Injini itakuwa inanguruma na mimi nitakuwa chini na kopo langu la oili.

Baba Mdogo, wewe nataka maoni yako hasa. Kama kuna kipuri nimekisahau kwenye orodha ile, niandikie kabla ya mwezi wa nne. Shemeji, wewe niombee radhi kwa neno mkweche. :-)

Ni hayo tu kwa leo. Nisalimieni wote Tanga. Tupo pamoja.